Muulize Mwalimu: Hammer DeRoburt wa Nauru, shujaa au mfujaji?

*Shikamoo Bibi Mwalimu. Naishi Kasamwa, Geita, nalima na nina sehemu yangu kidogo kwenye duara, shimo letu la wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kijana wangu amenisomea habari za kisiwa kinaitwa Nauru, kwenye bahari ya Pasifiki. Watu wake walitajirika kwa fosfeti kuliko Wazungu, halafu wakafilisika. Yeye anasema rais wao wa kwanza, Hammer DeRoburt, ni shujaa kwa sababu aliwatoa wakoloni kwenye mgodi. Mimi nasema shujaa gani huyo, kama kawaachia watu wake mashimo? Kwa vyovyote alikula. Tumebishana mpaka mama yao akakasirika. Wewe umefundisha historia, tuamulie.*
*Msomaji, Kasamwa*

Marahaba, mwanangu. Ubishi huo natamani uwe kwenye kila nyumba kuanzia kwenu Kasamwa mpaka Kahama. Kijana wako ana haki ukitazama maisha ya huyu bwana kabla ya uhuru. Nawe una hoja ukitazama ya baadaye. Ila neno "alikula" silipokei. Kosa ninaloliona mimi ni la namna nyingine, na kwa sisi tunaokaa juu ya dhahabu linatisha zaidi kuliko wizi.

Kwanza mjue udogo wa mahali penyewe. Nauru yote ni kilomita za mraba 21. Kisiwa chetu cha Ukara kinaizidi zaidi ya mara tatu, na sizungumzii Ukerewe. Watu wanakaa kwenye ukanda mwembamba wa pwani, na pale juu katikati ndipo palipokuwa na fosfeti, mali ya kutengenezea mbolea, kama ile tunayochimba sisi Minjingu. Mwaka 1900 Albert Ellis, mfanyakazi wa kampuni moja iliyokuwa na ofisi Sydney, alipima jiwe lililokuwa likizuia mlango wa ofisi usijifunge. Likaonekana ni fosfeti safi sana, na lilikuwa limetoka Nauru. Meli ya kwanza ya shehena iliondoka 1907. Mwenye ardhi alilipwa nusu peni kwa tani.

Baada ya vita vya kwanza, Uingereza, Australia na New Zealand waliununua mgodi na kuuweka chini ya shirika lao, British Phosphate Commissioners. Fosfeti ilikwenda kwa wakulima wa Australia na New Zealand kwa bei ya chini kuliko ya soko la dunia. Mkulima wa kule alistawisha malisho yake kwa punguzo lililotoka mfukoni mwa mtu wa Nauru, ambaye hakuulizwa.

DeRoburt alizaliwa 1922 katika hali hiyo. Alisomeshwa Geelong, Australia, akarudi kuwa mwalimu. Agosti 1942 Wajapani wakakiteka kisiwa. Wagonjwa wa ukoma waliwapakia kwenye boti, wakawapeleka baharini na kuwazamisha. Mwaka uliofuata waliwahamisha Wanauru 1,200 kwa nguvu kwenda visiwa vya Truk, ambavyo leo vinaitwa Chuuk, kufanya kazi za jeshi, na DeRoburt akiwamo. Njaa, maradhi na mabomu yaliwamaliza. Waliorudi nyumbani walikuwa 737, na meli yao ilitia nanga tarehe 31 Januari 1946. Tarehe hiyo nitairudia.

Mtu aliyetoka huko angeweza kurudi na chuki tupu. Huyu alirudi na maswali ya hesabu. Mwaka 1955 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Serikali ya Mitaa la Nauru, na mwaka uliofuata akawa Chifu Mkuu. Tangu hapo akawa mtu wa kukaa mezani na wakubwa na kuwauliza: mnauza tani ngapi, kwa bei gani, na bei ya dunia ni ipi?

Hapa wakubwa wenzangu wa Usukumani mtanielewa haraka. Baba yangu alikuwa mkulima wa pamba Magu, na katika nyumba yetu jina la Paul Bomani lilitajwa kwa heshima hata kabla sijajua kusoma. Kijana yule hakuanza kwa kuhutubia juu ya bendera. Alianza na mizani. Wakulima walikuwa wanapunjwa kwenye kupima pamba, na kutokana na malalamiko hayo vikazaliwa vyama vya wakulima, hadi mwaka 1955 ikasimama Victoria Federation of Cooperative Unions hapa Mwanza. Bomani alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa nchi hii. Ninapomsoma DeRoburt wa miaka hiyo hiyo, namwona mtu wa kundi lile lile: anayeanzia kwenye kilo na shilingi, na uhuru ukafuata nyuma yake.

Miaka ya mwanzo ya 1960 Australia ilikuja na pendekezo. Fosfeti itakwisha, walisema, na kisiwa hakitakalika, basi Wanauru wahamie Kisiwa cha Curtis, karibu na pwani ya Queensland. Wangepewa nyumba na uraia wa Australia. Wasichopewa ni kujitawala. Mwaka 1964 Wanauru wakakataa. Ningependa kijana wako asome sehemu hii taratibu. Watu wapatao 3,000, juu ya kisiwa ambacho theluthi yake hivi ilikuwa imekwisha kuchimbwa, wanaahidiwa maisha ya Kizungu, na kiongozi wao anajibu kwamba bila kujitawala hawahami. Hakuna bunduki hata moja iliyofyatuliwa katika habari hii, na bado ndiyo ninayoiona kubwa kuliko zote katika maisha yake.

Juni 1967, miezi minne baada ya Azimio la Arusha huku kwetu, mkataba ukatiwa sahihi. Nauru itaununua mgodi wake kwa dola za Australia milioni 21 hivi, zilipwe kutokana na fosfeti yenyewe, na tangu tarehe 1 Julai 1970 uendeshaji wote uwe wao. Uhuru ukaja 31 Januari 1968. Siku ileile ambayo meli iliwarudisha kutoka Truk, miaka 22 kabla. Waliichagua kwa makusudi. Mei mwaka huo Bunge la watu 18 likamchagua DeRoburt kuwa rais wa kwanza.

Basi mpaka hapo kijana wako ameshinda. Sasa tuje kwako.

Fedha zilipoanza kuingia, ziliingia kwa kasi. Katika miaka ya 1970 pato la Nauru kwa kila kichwa lilitajwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Matibabu bure, shule bure, kodi ya mapato hakuna. Wakaanzisha shirika lao la ndege, Air Nauru, lenye ndege za Boeing, na kampuni ya meli. Mwaka 1977 wakafungua jengo la ghorofa 52 katikati ya Melbourne, likaitwa Nauru House. Sehemu nyingine ya mapato iliwekwa kwenye mfuko wa amana uwatunze watu fosfeti itakapokwisha.

Mpango haukuwa wa kijinga. DeRoburt alijua mali ile ina mwisho, na alilisema hilo tangu kabla ya uhuru. Kuweka akiba, kununua majengo, kujenga usafiri kwa nchi iliyo mbali na kila mtu, haya ni mambo ambayo mzazi yeyote mwenye akili angeyafikiria. Tatizo ni nani aliyekagua. Bunge la watu 18 kwenye kisiwa ambacho kila mtu ni ndugu wa mwenzake, rais akishika pia wizara kadhaa yeye mwenyewe, washauri wa fedha wanatoka nje, na mwananchi wa wilaya za kule kama Boe au Aiwo hana njia ya kujua kila mwaka mfuko wake una kiasi gani na umewekezwa wapi. Ndege zilipaa na viti vitupu, serikali ikafidia. Baada ya DeRoburt hali ikazidi: mwaka 1993 fedha za Nauru ziligharimia mchezo wa jukwaani wa muziki huko London, ukafungwa baada ya wiki chache. Mwaka 2004 Nauru House yenyewe ikauzwa kulipa madeni.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii, mwanangu. Miaka kumi na zaidi mtu huyu aliwadai wakoloni wafungue vitabu vya hesabu. Vitabu vilipokuwa mikononi mwake, hakujenga desturi ya kuvifungua kwa watu wake. Mwizi ukimjua unamfukuza, na shida inaondoka naye. Kiongozi anayependwa, aliyeteseka pamoja nanyi Truk, aliyewakatalia Wazungu kisiwa cha Curtis, nani atasimama mkutanoni amwambie, "Mzee, tusomee mapato na matumizi"? Mapenzi ya watu yalimkinga dhidi ya swali ambalo yeye mwenyewe alikuwa hodari wa kuliuliza.

Sisemi kwamba hakupingwa kabisa. Desemba 1976 wabunge walimchagua Bernard Dowiyogo, kijana wa miaka 30, kuwa rais. DeRoburt akahamia upinzani, na yeye na wenzake wakaibana serikali ile bungeni mpaka Mei 1978 akarudi madarakani. Siisifu sana namna ile ya kurudi. Lakini kila mara ilikuwa kwa kura, na Agosti 1989 kura ya kutokuwa na imani ilipomwangusha kwa mara ya mwisho, alitoka. Nchi ngapi zilizopata uhuru miaka hiyo zingeweza kusema vile?

Tena kuna jambo moja la uzeeni mwake ambalo wewe wa Geita unapaswa kulijua. Mkataba wa 1967 haukumaliza suala la mashimo. Nani atairekebisha ardhi iliyochimbwa kabla ya uhuru? Pale juu palibaki vichuguu vya mawe ya matumbawe, virefu kuliko mtu, havilimiki wala havijengeki. Australia ilikataa kuwajibika. DeRoburt hakuliacha. Iliundwa tume chini ya mwanasheria Christopher Weeramantry wa Sri Lanka, na Mei 1989 Nauru ikaishtaki Australia kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Kisiwa cha kilomita 21 dhidi ya bara zima! Tarehe 26 Juni 1992 Mahakama ikaamua kwamba kesi itasikilizwa, ikitupa karibu mapingamizi yote ya Australia. DeRoburt alifariki Melbourne tarehe 15 Julai mwaka huohuo. Mwaka uliofuata Australia ikakubali kulipa dola zake milioni 107 nje ya mahakama, 57 kwa mkupuo na 50 kidogo kidogo kwa miaka 20. Uingereza na New Zealand wakachangia milioni 12 kila mmoja.

Sasa nyinyi wawili, baba na mwana, msiishie Nauru. Halmashauri yenu inapokea ushuru wa huduma kutoka migodini, sehemu ndogo ya mauzo yao. Tangu marekebisho ya sheria ya 2017, kampuni ya mgodi inatakiwa kuandaa mpango wa kuchangia jamii na kukubaliana na halmashauri. Mkutano wa kijiji unatakiwa uitishwe kila miezi mitatu na taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Nendeni pamoja. Ulizeni tani ngapi, bei gani, kilichoingia ni kiasi gani, kimejenga nini. Na mwenye shamba mnayemlipa mifuko ya mawe kwenye duara lenu, naye muulizeni shimo litafukiwa na nani.

*Mwangaluka, Mwalimu! Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Mwanza mjini. Nimeona kuwa Nauru nayo ilitawaliwa na Wajerumani. Je, ni kweli historia yao inafanana na ya Tanganyika? Naweza kuitumia kwenye insha?*
*Mwanafunzi, Nyamagana*

Mwangaluka, mjukuu wangu. Ni kweli, na inafanana kuliko walimu wengi wanavyosema darasani.

Ukishuka pale karibu na kivuko cha Kamanga unaliona Jiwe la Bismarck, mawe yale yaliyosimama majini yenye jina la kansela wa Ujerumani. Huko Pasifiki kuna visiwa vingi vya Papua New Guinea ambavyo mpaka leo ramani inaviita Bismarck, na Nauru ilikuwa chini ya utawala uleule wa Kijerumani wa eneo hilo. Wajerumani waliichukua Nauru 1888, na 1914 Waaustralia wakawatoa.

Baada ya vita Shirikisho la Mataifa liligawa makoloni ya Ujerumani kwa udhamini. Tanganyika ikapewa Uingereza. Nauru ikapewa nchi tatu kwa pamoja, Uingereza, Australia na New Zealand, na Australia ndiyo iliyotawala. Vita vya pili vilipokwisha, zote mbili zikawa chini ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere aliweza kwenda New York mwaka 1955 na kulieleza baraza hilo habari za TANU. Wanauru nao waliupitia mlango huohuo. Udhamini ulikuwa na maana kwamba mtawala anahojiwa mbele ya watu wengine, na kwa nchi ndogo hiyo ilikuwa silaha kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Hata kesi ya mashimo niliyoieleza hapo juu ilisimama juu ya hoja hiyo: mdhamini alikuwa na wajibu juu ya ardhi ya aliyemdhamini.

Andika pia tofauti. Tanganyika ilijiunga na Umoja wa Mataifa mwaka uleule wa uhuru, 1961. Nauru ilipata uhuru 1968 na haikujiunga mpaka 1999. Tanganyika ilikuwa na chama kimoja kikubwa kilichowaunganisha watu, Nauru vyama havikushika mizizi, siasa zilikwenda kwa jina la mtu na ukoo. Ukiieleza vizuri tofauti hii ya mwisho, mtahini atakupenda.

*Shikamoo Bibi. Mimi nakausha dagaa hapa Nansio. Kama fosfeti imekwisha, hao watu wanakula nini sasa? Samaki je, wanao?*
*Mama wa mwaloni, Ukerewe*

Marahaba, mama. Nimefurahi mtu wa samaki ameuliza.

Fosfeti imebaki kidogo sana. Kwa miaka mingi sasa serikali ya Nauru imepata fedha kutoka Australia kwa kuweka kambi ya waomba hifadhi ambao Australia haitaki wafike kwake, kwanza 2001 hadi 2008, kisha tena tangu 2012. Mimi sifurahii mapato ya namna hiyo, na nasema hivyo wazi, ingawa naelewa walivyobanwa.

Kuhusu samaki, kuna habari mbili. Ya kwanza itakuuma. Zamani Wanauru walikuwa wanafuga samaki wao kwenye ziwa dogo la Buada lililo katikati ya kisiwa. Waliwakamata wadogo baharini, wakawaachia ziwani wakue, na kila familia ilijua sehemu yake. Miaka ya 1960 wakaletwa samaki wa jamii ya sato, asili yake upande huu wetu wa Afrika, Msumbiji. Wakazaana, wakawabana wale wa kufugwa, na ufugaji wa zamani ukaharibika. Sisi tulioona furu wakipotea baada ya sangara kuletwa ziwani hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Ya pili ni njema, na inamhusu DeRoburt tena. Februari 1982, yeye akiwa rais, nchi za visiwa vya eneo lile zilitia sahihi huko Nauru mkataba wa kusimamia kwa pamoja uvuvi wa jodari. Ulikuwa na maana hii: meli kubwa ya kigeni isiweze tena kwenda nchi moja, ikinyimwa bei ndogo ikakimbilia kwa jirani. Leo wanachama ni nane. Wanauza siku za kuvua, meli inalipia kila siku inayotega nyavu, na siku zenyewe kwa mwaka zina ukomo. Mapato haya ni sehemu kubwa ya fedha ya Nauru sasa, na jodari, tofauti na fosfeti, huzaliana kama akivuliwa kwa kiasi.

Ziwa letu nalo lina mkataba wa nchi tatu, Tanzania, Kenya na Uganda, wa mwaka 1994, na makao ya chombo chake yako Jinja. Waulize viongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi, wa mwalo wako ni mambo gani nchi hizo zimekubaliana juu ya dagaa, hasa macho ya nyavu na miezi ya kupumzisha. Wakikueleza, niandikie, niyachapishe hapa kwa ajili ya akina mama wa mialo mingine.